Ile sehemu ya kamba msiikate jamani

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi kituo kimoja cha tivii kilionyesha Hacksaw Ridge, ile muvi ya 2016 ya Mel Gibson, aisee risasi na mabomu yote wameyaacha ila jamaa mwenyewe, Desmond Doss, alivyoanza kuteremsha majeruhi kwa kamba wakaingiza matangazo, kurudi kashamaliza! Sasa hapo mtu kaangalia nini? Ile ndo muvi yenyewe. Doss alikuwepo kweli, Msabato, mhudumu wa tiba jeshi la Marekani, aligoma kabisa kushika bunduki, na 1945 kule Okinawa, kisiwa cha Japani, kwenye Vita Kuu ya Pili, wenzake waliporudi nyuma yeye kabaki juu ya jabali anavuta majeruhi mmoja mmoja, anawafunga kamba miguuni na kifuani anawashusha, kila akishusha mmoja anamwomba Mungu ampe mwingine, inakadiriwa watu 75. Kuna askari anadhani kapofuka, Doss anamsafisha kwa maji kumbe ni damu na matope tu vimeziba macho, mimi hapo huwa nalia. Vijana wetu bunduki za kwenye muvi wanazijua zote kwa majina, basi waacheni wamwone na huyu. Matangazo wekeni kabla au baada, tunawaomba sana.

Msomaji wenu, Mwanza