Sanduku letu lina mifuko miwili: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: FUNGU LA RUZUKU KWA KAZI ZA WASICHANA NA WANAWAKE MITAANI

Nabisha hodi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake huku Tongoni, wakaanga samaki na wasuka mikeka kwa wingi wetu, na walimu wastaafu wawili, mmoja wao ni mimi. Kiumri huenda ukawa mwanangu, lakini kwa kiti ulichokalia nakusalimu kwa heshima zote. Nimeandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la Tongoni peke yake. Chongoleani wanalo, Mabokweni wanalo, na hata Ngamiani katikati ya mji wanalo.

Nianze na sanduku. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri tunakaa barazani kwa mwenyekiti wetu, sanduku la bati katikati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Ndani mna mifuko miwili ya kitambaa. Wa kwanza ni wa hisa. Fedha yake inakopeshwa, inarudi na ziada kidogo, na mwisho wa mwaka tunagawana. Wa pili, mdogo, tunauita mfuko wa jamii, na kila mwanachama huutilia shilingi mia tano kwa wiki. Huo haukopeshwi. Mwenzetu akifiwa, mtoto wake akilazwa hospitali ya Bombo, jiko likiungua na samaki wake, tunatoa na hatudai. Wanawake wa vikoba nchi nzima wanaijua tofauti hiyo, hata yule asiyejua kuandika jina lake. Mfiwa hakopeshwi sanda.

Halmashauri zetu, Ndugu Mkurugenzi, zinao mfuko wa kwanza. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inaziagiza zitenge asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na mimi ni miongoni mwa walioomba irudi. Nimeona kwa macho yangu ikimtoa mtu kwenye karai moja la samaki ikamfikisha kwenye jokofu lake mwenyewe. Siusemi vibaya mfuko huo. Ninachosema ni kwamba huo ni mfuko wa hisa. Mfuko wa jamii haujapata kifungu cha sheria kinachofanana nacho, na kazi yake miaka yote imefanywa na wafadhili wa mbali. Sasa wafadhili wanaondoka.

Nikueleze jinsi mfuko huo wa wafadhili ulivyotufika sisi. Kuanzia 2022 mpaka mapema 2025 tulikuwa na ruzuku ndogo ya kukaa na wasichana kila Jumamosi asubuhi. Karatasi za mfadhili ziliwaita wanawake wanaokaa nao kwa jina refu ambalo hakuna aliyelishika. Sisi tuliwaita kina somo, kwa sababu ndivyo mwambao wote unavyojua. Msichana akivunja ungo hukabidhiwa somo, mtu mzima asiye mama yake, ambaye anaweza kumuuliza lolote bila kuona haya. Mila hiyo ilikuwa imelegea. Ruzuku iliirudisha barazani, ikaiongezea daftari, taulo za kike, uji, cherehani mbili, na namba ya simu ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wasichana walikuja, wengine wakipanda daladala kutoka mbali.

Yupo mmoja ambaye sitamtaja jina. Alijifungua akiwa kidato cha pili. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulikuwa umeshamruhusu kurudi shule, na sitasahau furaha ya siku tuliyousikia redioni, kwa sababu nilifundisha miaka mingi nikiwaona wasichana wakiondoka darasani moja kwa moja. Lakini kati ya ruhusa ile na dawati lake palikuwa na nauli ya kila siku. Palikuwa na sare, kwa kuwa ile ya zamani ilimbana kifuani. Palikuwa na mtoto wa miezi saba ambaye hangeweza kukaa peke yake, na bibi yake anakaanga samaki tangu alfajiri. Na palikuwa na ile wiki ya kwanza, ya kupita getini huku wenzake wakimtazama. Ruzuku ililipa nauli na sare, ikampa jirani posho kidogo ya kumshika mtoto. Wiki ya kwanza somo wake alikwenda naye kwa miguu yake, bure, siku tano mfululizo, akasimama getini mpaka kengele ikalia. Binti huyo alifanya mtihani wa kidato cha nne.

Baadaye ruzuku ikakatika. Mwaka 2025 ulikuwa mzito kwa wengi: tarehe 20 Januari Rais wa Marekani aliamuru misaada ya nje isimame, na Julai mosi shirika la misaada la nchi hiyo likafunga kazi zake. Fedha zetu hazikutoka huko, lakini waliopoteza za huko walikwenda kupiga foleni kwenye milango iliyobaki, na sisi wadogo tukasukumwa nje. Barua tuliyoletewa ilikuwa na aya mbili, ya pili ikitushukuru kwa ushirikiano.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa tunamwandaa binti mwingine, wa miaka kumi na sita, kurudi darasani. Tulimbeba kwa mfuko wetu wa jamii wiki sita. Kisha tukapata misiba miwili mfululizo, mfuko ukakauka, akaacha. Sasa anauza bajia kando ya barabara ya Pangani na mtoto mgongoni. Kila nikipita ananiamkia, "Shikamoo mwalimu," na mimi naitikia nikitazama chini.

Nilipokwenda kuuliza msaada, kwa mtu mmoja wa ofisi moja ambayo siitaji, nilijibiwa, "Si mkachukue mkopo wa asilimia kumi?" Alisema kwa nia njema, naamini. Lakini jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana nimelisikia tena na tena tangu hapo. Binti wa miaka kumi na sita hana haki ya mkopo ule. Ni wa mtu mzima, aliye ndani ya kikundi, mwenye biashara. Haya, tuseme tumechukua sisi mama zake. Nauli yake ya muhula mmoja itarejeshwa kwa faida ya nini? Shule haizai wiki ijayo. Taulo ya kike haizai kabisa. Mwanamke aliyekimbia nyumba usiku akapewa godoro kwa jirani hana marejesho ya kutuletea Alhamisi. Tukikopa kwa ajili yao tutalipa kwa samaki wetu, na mwaka wa pili kikundi chenyewe kitakuwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

Nisije nikaonekana nazililia ruzuku za zamani kama zilivyokuwa, maana zilikuwa na maudhi yake. Fedha ilitoka kwa mfadhili ikaenda shirika la Dar es Salaam, ikashuka shirika la mjini Tanga, ndipo ikafika kwetu, na kila ilipotua palikuwa na ofisi, gari na mshahara. Sisemi waliiba. Nasema safari ilikuwa ndefu. Tulitakiwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila senti, na mama anayetuuzia kuni hana mashine, wala muuza unga wa uji hana. Tukawa tunanunua kwenye duka kubwa mjini kwa bei ya juu, tena na nauli, ili tupate karatasi. Ripoti ilitakiwa kwa Kiingereza. Kina somo wanaandika Kiswahili kizuri mno, chenye mambo ambayo hakuna mtaalamu angeyaona, lakini mimi nilikaa usiku kuyageuza, na najua yalipotelea njiani. Robo moja nakumbuka tuliandika kurasa kumi na nne kueleza katoni mbili za taulo za kike.

Na kuhusu taulo hizo, nchi yetu ilishajifunza jambo ambalo nadhani linakuhusu. Mwaka 2018 Serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani ili ziwe rahisi. Mwaka uliofuata kodi ikarudishwa, kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Nafuu ile iliishia kwa wauzaji kabla ya kumfikia msichana. Kwa hiyo ninapoomba ruzuku naomba iwe karibu: itoke kwako iingie kwa kikundi kinachomjua msichana kwa jina, pasiwe na mikono mingi katikati.

Ombi langu ni hili. Katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai ijayo, Halmashauri ya Jiji itenge nusu shilingi katika kila shilingi mia ya mapato ya ndani, nje ya ile asilimia kumi na bila kuipunguza, iwe fungu la ruzuku ndogo kwa vikundi ambavyo tayari vimesajiliwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Kiasi kisizidi shilingi milioni tatu kwa kikundi kwa mwaka, kwa sababu fedha kubwa huita watu wakubwa. Lakini iahidiwe kwa miaka mitatu, maana msichana anayerudi kidato cha pili anahitaji miaka mitatu kufika mwisho wa kidato cha nne, na ruzuku ya miezi kumi na miwili humwacha njiani. Maombi na ripoti viwe kwa Kiswahili. Manunuzi madogo yakubaliwe kwa hati ya malipo yenye saini ya muuzaji na ya mtendaji wa mtaa.

Utauliza: zikiliwa je? Swali la haki, na mimi mweka hazina ndilo ninaloishi nalo. Zisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa, jina la kikundi, kiasi, na kilichonunuliwa, mbele ya mama wa binti anayehusika. Huko hakuna anayethubutu. Kamati za MTAKUWWA za kata, yaani za mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zipo kwa ajili ya ulinzi wao. Zipeni kazi ya kukagua na nauli ya kukagulia. Tena kanuni za mwaka 2018 zinayataka mashirika yasiyo ya kiserikali yatangaze fedha yanazopokea zinapozidi shilingi milioni 20. Naomba matangazo ya namna hiyo yabandikwe na kwenye mbao za ofisi za kata zetu. Mara nyingi tumejua kuwa Tongoni ilikuwa na mradi siku tulipoitwa kuupigia makofi ya kuuaga.

Sikuombi jambo la ajabu kwa mji huu. Mamlaka yetu ya maji mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa umma, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya maji. Kupitia mpango wa Tanga Yetu, taasisi ya hisani ya Fondation Botnar kutoka Basel, Uswisi, imefanya kazi na Jiji kwa ajili ya vijana, kwa hiyo ofisini kwenu wamo watu wanaojua ruzuku inavyoendeshwa. Bandari imepanuliwa. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linakuja kuishia Chongoleani, na pamoja nalo wageni, malori, vibarua wenye mshahara wa wiki na nyumba za kulala wageni. Mimi mwalimu wa zamani nikiona hayo, furaha yangu ina hofu ndani yake, kwa sababu najua fedha ya haraka ikifika kijijini inabisha hodi kwa nani kwanza. Wasichana wa Chongoleani wanahitaji kina somo sasa hivi, wasisubiri mpaka tuanze kuhesabu waliotoka shuleni.

Nakualika. Njoo Alhamisi yoyote baada ya alasiri, bila msafara. Ukitoka mjini kwa barabara ya Pangani, kabla hujafika njia ya kwenda magofuni, uliza baraza la wanawake wa mikeka. Utakaa mkekani, utaona mifuko yote miwili ikihesabiwa, na ukitaka utaulizia kila senti.

Muhula mpya unaanza Januari, na yule binti wa bajia amesema yuko tayari kujaribu tena. Mpaka Alhamisi iliyopita mfuko wa jamii ulikuwa umemtengea shilingi 38,500. Sketi imeshashonwa. Nauli bado.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mweka hazina, kikundi cha wanawake
Tongoni, Tanga

Nakala: Waheshimiwa Madiwani wa Jiji la Tanga, Maafisa Maendeleo ya Jamii wa kata zote