Wachoraji wa ughaibuni wasidaiwe tembo na theluji tu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo pengine litaonekana dogo mbele ya habari za Bunge na za bei ya mafuta, lakini ambalo sisi tunaoishi ughaibuni na kushika brashi tunakutana nalo kila tunapoonyesha kazi zetu, huku tuliko na huko nyumbani vilevile. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kwa miaka 11 sasa ninaishi Leiden, Uholanzi, ambako kazi yangu ya mchana ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Jioni na siku za mapumziko huchora picha ndogo kwa rangi za mafuta, nyingi zikiwa na upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 20, na ninachochora ni maisha ya kawaida yanayonizunguka: sufuria ya ugali juu ya jiko la umeme, koti lililolowa mvua likining'inia mlangoni, chupa ya chai na vikombe viwili, mikono ya mzee ninayemhudumia akimenya viazi.

Mwaka fulani nilizipeleka picha 6 za namna hiyo kwa mwenye duka moja la picha. Alizitazama zote kwa adabu, kisha akaniuliza kama sina za tembo, au za Wamasai, au za jua likizama nyuma ya mbuyu. Nilimweleza kwamba nimekulia Ngamiani, katikati ya mji, na kwamba tembo nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, katika bustani ya wanyama ya huku Ulaya. Alidhani sijamwelewa, akarudia swali lake polepole. Wiki iyo hiyo nilimtumia kaka yangu mkubwa, kwa simu, sura ya ile picha ya sufuria, naye akanijibu kwa masikitiko ya kweli: "Mdogo wangu, sufuria hata huku zipo. Tuchoree theluji, tuchoree majumba ya huko." Kwa hiyo nilijikuta nadaiwa na pande mbili vitu viwili ambavyo sivyo ninavyoviona nikifungua macho asubuhi.

Simlaumu mwenye duka kwa kutaka kuuza, wala simlaumu kaka yangu kwa kutaka kuona yale asiyoyaona. Wala simdharau anayechora wanyama. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli, aliwaona wanyama kwa jicho lake mwenyewe, akawapa sura ambayo haikuwahi kuwako kabla yake. Ndiyo maana hadi leo jina lake limekuwa jina la uchoraji mzima. Ninachokikataa ni dai kwamba kila mtu aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki, popote aendapo na vyovyote aishivyo, hana kingine cha kuchora, na dai la pili, la ndugu zetu wenyewe, kwamba aliyeko Ulaya achore Ulaya ya kwenye kalenda.

Hebu tujiulize ndugu waliobaki nyumbani wanayajuaje maisha yetu. Wanayajua kwa fedha tunazotuma na kwa picha za simu, na picha za simu, tuseme kweli, tunazichagua. Wapo waliosimama kando ya gari la jirani wakapigwa picha, ikatumwa kijijini, na mama akaanza kuambiwa na watu kwamba mwanawe ametajirika na hamsaidii. Picha ya simu huchukua nukta moja, na katika nukta moja mtu anaweza kuvuta tumbo ndani na kutabasamu. Picha ya rangi za mafuta hunichukua jioni 3 au 4, na katika muda huo wote kitu kile kile kiko mbele yangu, na taa ile ile, na uchovu ule ule wa mwisho wa zamu. Sisemi kwamba brashi haiwezi kudanganya. Nasema kwamba ni vigumu kukaa na sufuria kwa jioni nne huku ukiifanya kuwa kitu ambacho sicho.

Nitoe mfano mmoja. Desemba iliyopita mama mmoja Mkongo, mzaliwa wa Bukavu, alikuja kwangu na binti yake wa miaka 9 ili amsukie jikoni mwangu, kwa sababu huko kwake umeme wa joto ulikuwa na hitilafu. Mwezi huo huku jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, na katikati ya hapo mara nyingi hulioni, unaona wingu tu. Mtoto alikaa kwenye stuli karibu na dirisha, nyayo zake zikiwa zimeegemezwa kwenye kipasha joto cha ukutani. Chanuo lilikuwa limechomekwa kwenye nywele upande ambao haujasukwa. Viatu vya mama, vilivyolowa, vilikuwa juu ya gazeti sakafuni. Mimi niliyejifunza kuona kwa jua la Tanga, ambapo kivuli cha saa sita ni kifupi na kina ukingo kama uliokatwa kwa kisu, ilinibidi nijifunze upya, maana mwanga unaopita kwenye wingu hauna ukingo. Humwagika polepole juu ya shavu, ukafifia shingoni bila kukuonyesha ulipoishia. Nikagundua pia kwamba ngozi yetu katika mwanga huo haitaki ile rangi ya kahawia inayouzwa tayari kwenye tyubu. Paji la uso la mtoto lilikuwa na samawati ya dirisha, chini ya kidevu palikuwa na wekundu wa udongo uliochomwa, na kwenye sikio, pale taa ya jikoni ilipolifikia kwa nyuma, palikuwa na rangi ya chungwa lililoiva. Rangi nyeusi sikuigusa.

Picha ilipokwisha, yule mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimpe atume Bukavu kwa mama yake mzazi. Alisema, kwa Kiswahili chao, "Mama aone kama mutoto namusuka miye mwenyewe." Bibi yule alikuwa amesikia kwamba watoto wa Ulaya hulelewa na watu wengine. Picha za simu alikuwa ametumiwa nyingi, mtoto akiwa amevaa vizuri na kusimama wima, lakini hakuna iliyokuwa imemjibu wasiwasi wake.

Wapo wanaodhani kwamba tunachora vidogo kwa sababu tumeshindwa vikubwa, kwa hiyo nieleze kidogo kuhusu kazi yenyewe. Turubai kubwa linataka karakana, na karakana inataka kodi. Ubao wa sentimita 20 unataka kona ya meza. Ninanunua plaiwudi iliyobaki kwa mafundi, ninaikata, ninaipiga msasa, ninaipaka tabaka mbili za rangi nyeupe ya kutangulia, nayo iko tayari. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani, na mafuta hayo hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Hukauka kwa kuvuta oksijeni na kugeuka kuwa ngozi ngumu, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana tunafundishwa kwamba tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini yake, la sivyo la juu litatangulia kukauka na picha itapasuka. Na kwa vijana wanaoanza kuchora katika vyumba vya kupanga naomba niseme hili kwa uzito wote: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani msivifinyange na kuvitupa kwenye pipa, kwa kuwa mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea kitambaa huweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Mimi huvianika vyangu kwenye kamba, kimoja kimoja, mpaka vikakamae.

Uchoraji wa namna hii, wa kitu kidogo cha kila siku kwenye ubao mdogo, si jambo nililolibuni. Mji huu ninaoishi ndio aliozaliwa mchoraji Jan Steen katika karne ya 17, na picha yake ya msichana akinyunyizia chaza chumvi, iliyoko katika makumbusho ya Mauritshuis mjini Den Haag, ni ya takriban sentimita 20 kwa 15, sawasawa na mbao zangu. Huko Amsterdam, katika makumbusho ya Rijksmuseum, ipo picha ya Adriaen Coorte ya mwaka 1697 ambayo haina kingine ila fungu la asparagasi juu ya ukingo wa jiwe. Ni mboga iliyofungwa kwa kamba, kama unavyofungwa mchicha sokoni Mgandini. Leo watu hupanda ndege kuja kuitazama, wala hakuna anayemuuliza Coorte kwa nini hakuchora majumba.

Ila anayenigusa zaidi ni Gwen John, mwanamke wa Wales aliyehamia Paris mwaka 1904 na hakurudi tena kuishi Uingereza hadi alipofariki mwaka 1939. Alipata riziki yake kwa kukaa mbele ya wachoraji wengine ili wamchore, na akirudi kwenye chumba chake cha darini alichora kona ya chumba hicho: kiti cha matete, meza ndogo yenye maua, dirisha, mwavuli umeegemezwa. Hakuna mnara wala mto katika picha ile. Lakini mtu yeyote aliyewahi kupanga chumba katika nchi ya watu, akakipanga vizuri jioni ya kwanza kwa sababu hicho ndicho alichonacho, atakijua chumba kile mara moja.

Sasa nirudi kwetu. Marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere, kisha akaenda London mwaka 1952 kusoma katika chuo cha sanaa cha Slade, na mwaka 1961 akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Picha zake zinazojulikana ni za maisha ya Wachaga mlimani, watu wakilima, wakijenga, wakivuna. Ile ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ya mwaka 1956, imo katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Ninamheshimu mno, maana yeye alithubutu kuona kwamba pombe ya ndizi inastahili rangi za mafuta. Lakini kila nikizifikiria picha zake natamani zingekuwako pia, mahali ambapo sote tungeweza kuziona, picha ndogo za upande wa pili wa maisha yake: chumba cha mwanafunzi wa Tanganyika wakati wa baridi ya London, au meza ya ubalozi mpya, na nani alikaa wapi, na chai ilikuwa kwenye kitu gani. Taarifa za mikutano ziko kwenye majalada. Mvuke wa chai ile hauko popote.

Na sisi wa leo tunaelekea kulifanya kosa hilo kwa hiari. Wazungumzaji wa Kiswahili wametapakaa, Muscat, London, Minnesota, Den Haag, na maisha yao yana mambo yasiyopatikana penginepo: unga wa ugali unaonunuliwa kwenye duka la Msuriname, mtu wa ile nchi ya Amerika Kusini iliyotawaliwa na Waholanzi, ndizi mbichi za soko la Haagse Markt zikipelekwa nyumbani kwenye kikapu cha baiskeli, futari ya mwezi wa Ramadhani inayosubiriwa hadi saa nne usiku Ramadhani inapoangukia majira ya joto. Wajukuu wetu watataka kuyaona hayo. Wakikuta tembo na theluji tu, watatuuliza tulikuwa tunakaa wapi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba katika toleo la mwisho wa wiki, walau mara moja kwa mwezi, utenge nafasi ya picha moja ndogo ya mchoraji anayeishi nje, ichapwe pamoja na jina la mji, mwezi iliyochorwa, na mistari miwili ya kueleza vitu vinavyoonekana. Kwa wenzetu wa Makumbusho ya Taifa, naomba wafikirie kuanza kuzipokea picha za aina hii kama wanavyopokea vyombo na mavazi. Hazihitaji ukuta mkubwa, droo moja inatosha picha mia. Na kwa ndugu walioko nyumbani, mkitumiwa picha ya birika, ulizeni birika la nani na lilinunuliwa wapi, na mwambieni aliyeichora aendelee.

Kama ombi hili litakubaliwa, niko tayari kutoa picha ya kwanza. Ni ile ya sufuria ambayo kaka yangu hakuipenda. Ina kovu upande wa kushoto, mahali ugali ulipoungua jioni nilipopigiwa simu ya msiba wa baba, na mwiko uliolala juu yake niliupewa na mama siku ya kuondoka. Imekwisha kukauka, inaweza kusafirishwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji na mchoraji,
Leiden, Uholanzi