Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: ushoroba wa Kwakuchinja unauzwa viwanja

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Babati vijijini. Mimi ni mkulima wa mahindi na mbaazi, na shamba langu limepakana na ushoroba wa Kwakuchinja, yaani njia ya wanyamapori kati ya Hifadhi ya Tarangire na Ziwa Manyara.

Juzi jua likizama nilisimama kando ya lami nikiwatazama pundamilia kama kumi na tano wakisubiri malori yapite. Wa mbele anatia mguu barabarani, honi inalia, wote wanarudi nyuma. Mara tatu. Ng'ambo walikokuwa wakielekea kuna msingi mpya wa nyumba na kibao, "Kiwanja kinauzwa". Mwaka juzi pale palikuwa na migunga tu.

Wanyama hawa hawazururi. Kiangazi hubanana Tarangire kwa sababu ya mto. Mvua zikianza wanatoka, wengine mbuga za Simanjiro, wengine kaskazini kuelekea Ziwa Natron. Nyasi za huko zina fosforasi ambayo nyumbu anayenyonyesha haipati ya kutosha ndani ya hifadhi. (Na fosfeti ya Minjingu, mawe ya mbolea yenye fosforasi hiyohiyo, inachimbwa papa hapa njiani. Sisi tunaifuata kwa mitambo, wao kwa miguu.)

Tarangire ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, wakati vuli ilikuwa na miadi. Siku hizi mwaka mmoja haiji kabisa, mwaka mwingine inakuja na mafuriko. Mfugaji akiona hivyo anahamisha ng'ombe, leo huku, kesho kule. Nyumbu naye anahitaji nafasi hiyohiyo ya kuchagua, na kila msingi wa nyumba unaochimbwa ushorobani unampunguzia.

Kanuni za shoroba za mwaka 2018 unazo mkononi. Tunachoomba ni vigingi ardhini, vinavyolingana na mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji vyetu, ili mnunuzi wa kiwanja avione kabla hajatoa hela. Na barabarani, matuta na mwendo mdogo usiku.

Lakini vigingi bila malipo vitang'olewa, nakwambia ukweli. Kule Terrat, Simanjiro, kijiji kilikubali kuacha mbuga bila kulimwa, na kampuni za utalii zikakilipa kila mwaka. Huku kwetu mwenye shamba anabeba gharama peke yake. Tembo walinilia ekari moja na nusu ya mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Nikajaza fomu ya kifuta jasho, malipo ya serikali kwa anayeharibiwa mazao na wanyamapori, nikapeleka picha, nikazungushwa ofisi hii na ile. Hadi leo sijaona hata senti.

Sasa mtu wa namna hiyo akijiwa na mnunuzi mwenye fedha taslimu, unadhani atajibu nini? Mimi nimeshapigiwa simu mara mbili. Wa kwanza nilimkatalia. Wa pili nimemwambia anipigie baada ya mavuno.

Wako,
Mkulima wa Kwakuchinja