Shoga, diski inakuja na boti

Malindi, Unguja

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Sie huku wazima, alhamdulillah. Mama homa imemtoka na anakusalimu sana. Najua umeninunia kwa kimya changu na haki unayo, lakini ungeliona yaliyopo hapa afisini ungelinihurumia.

Tunahamisha hesabu zote. Bi Mkubwa wa hapa kazini ameamua bukingi, mishahara, risiti, kila kitu cha hoteli kiende klaudi, yaani kwenye mashine za makampuni makubwa tunazozifikia kwa intaneti, na ile seva, kompyuta yetu kuu iliyo chini ya ngazi, itupwe. Simlaumu. Juzi fundi aliifungua mbele yangu: skrubu zimeota kutu ya chumvi, feni imeganda vumbi la chokaa la kuta zetu hizi za Mji Mkongwe. Na umeme unaujua. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 tulipokaa gizani miezi mitatu, na nyinyi Pemba mnatucheka na majenereta yenu ya Wesha, mie sina imani na mashine inayotegemea waya mmoja.

Kwa hiyo klaudi naitaka. Hununui mashine, unakodi, tena unalipa kwa unavyotumia: wageni wakijaa Agosti unaongeza, masika watu wamefunga hoteli unapunguza. Uliniuliza vitu vyenyewe vinakaa wapi. Ukichagua Afrika Kusini, Microsoft wana majengo yao huko tangu 2019, na Amazon wako Cape Town tangu 2020. Ni seva za watu tu, shoga, ila wao wana walinzi, viyoyozi na majenereta.

Sasa balaa lake. Kidawa kule hotelini Paje walishahamia klaudi zamani. Jumapili ile ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, wageni wamesimama na mabegi yao na yeye hajui nani kalipa na nani bado. Aliandika majina nyuma ya menyu! Halafu bili inakuja kwa dola, shilingi ikishuka ni juu yako. Kuingiza data bure, lakini siku unataka kuitoa kwa wingi, wengi wanakutoza kwa kila gigabaiti. Hilo muuzaji hakulitaja hata kidogo, mpaka nikamuuliza mie, akaanza kukohoa.

Ila linaloninyima usingizi ni nakala za akiba, za kutuokoa data ikipotea. Bi Mkubwa anasema, "Si wana nakala zao wenyewe?" Wanazo, lakini sikiliza. Mei hiyohiyo ya 2024, mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, mitambo waliyoikodi kwenye klaudi ya Google ilifutika kwa sababu ya sehemu moja iliyoachwa tupu wakati wa kuipanga. Mitambo hiyo ilikuwa sehemu mbili ili moja ikifa nyengine ishike, lakini zote zikaenda pamoja. Wanachama zaidi ya laki sita wakakaa kama wiki nzima hawazioni pesa zao. Waliokolewa na nakala za pembeni, ikiwemo waliyoiweka kwa kampuni nyengine kabisa. Nimemsomea Bi Mkubwa habari yote, akaniambia nina wasiwasi wa kizee. Haya.

Ndipo ninapokuja kwako. Kampuni ya pili hatuna pesa ya kuilipa, lakini Wete nina mtu. Nataka kila mwisho wa mwezi nimpe shemeji diski yenye nakala ya hesabu zetu, ije na boti, uniwekee, ile ya zamani airudishe. Yaliyomo yamegeuzwa fumbo linalofunguka kwa paswedi tu, hata ikiibiwa mwizi hatosoma kitu. Usiiweke jikoni, na tafadhali wajukuu wasiichezee. Bi Mkubwa amekubali, shingo upande, kwa sharti isimgharimu.

Na wewe, duka la dawa usilihamishe lote kwa pupa. Anza na hesabu za stoki, madeni ya watu yabaki na daftari mpaka uone mtandao unavyokwenda.

Je, lile kabati la chuma la marehemu babu bado lina ufunguo? Intaneti ya hapo kwenu inashika mchana, au mpaka usiku watu walale? Yule kijana wako anaweza kuifungua diski mara mojamoja ajaribu kama inasoma? Maana nakala isiyojaribiwa siihesabu. Na harusi ni kabla ya Ramadhani au baada, Kidawa ananiuliza kila siku, nguo hajashona? Nijibu kabla ya Jumamosi, shemeji anasafiri na boti ya asubuhi.

Wako,
Somo yako wa Malindi