Barua ya wazi kwa Ken Martin: mchujo wa 2028 uwe mchujo kweli

Columbus, Ohio
Januari 2026

Kwa Mheshimiwa Ken Martin,
Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Chama cha Democratic,
Washington.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa watakaoisoma barua hii kwanza ni wenzangu, vijana tuliokulia Marekani katika nyumba zinazosema Kiswahili na ambao kura zetu huenda kwa chama chako. Wewe utatafsiriwa, chama hakikosi watu wa kazi hiyo.

Mwezi uliopita ulitangaza kwamba tathmini ya chama kuhusu kushindwa kwetu 2024 haitatolewa hadharani, eti itatutoa kwenye shughuli ya kushinda chaguzi zijazo. Kwa vijana ninaokaa nao, tangazo hilo lilithibitisha walichokuwa wakikishuku: mambo mazito ya chama yanamalizwa chumbani, sisi tunaitwa wakati wa kupiga makofi. Ndiyo maana naomba jambo moja tu. Mgombea urais wa 2028 apatikane kwa kura za mchujo, yaani kura ambazo wapigakura wa chama hupiga jimbo kwa jimbo kumteua mgombea, si kwa mipango inayotangulia kura hizo.

Nianzie hapa Ohio, kwa sababu ukitaka kujua kijana anavyokata tamaa na mchujo, Ohio ni darasa zuri.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 17. Sheria ya hapa inamruhusu wa umri huo kupiga kura ya mchujo ikiwa atatimiza 18 kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba. Msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, Jon Husted wa Republican, akasema ruhusa hiyo haihusu urais. Kesi ikaenda mahakamani, na Ijumaa ya tarehe 11 Machi jaji akaamua kwamba tunaruhusiwa. Jumanne iliyofuata tukapiga kura. Nilimpa Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, Hillary Clinton akashinda Ohio, na wala sikununa. Nilikuwa nimeshindwa na watu waliojitokeza kuliko sisi. Kilichotuudhi kilikuja baadaye, tulipoelewa kwamba zaidi ya wajumbe wakuu 350, wakubwa wa chama wenye kura mkutano mkuu bila kufungwa na matokeo ya mchujo, walikuwa wamejitangaza upande wa Clinton hata kabla Iowa, jimbo la kwanza, haijapiga kura, na Julai barua pepe za makao makuu zilipovuja zikionyesha maofisa wakimpendelea Clinton, na Debbie Wasserman Schultz akajiuzulu kiti unachokalia wewe leo. Nawapongeza mliorekebisha kanuni mwaka 2018, wajumbe wakuu wakazuiwa kuamua matokeo katika duru ya kwanza ya kura za mkutano mkuu. Yalikuwa mageuzi ya kweli, nayo yalitokana na kelele za vijana.

Mwaka 2020 kura yetu ilipangwa kuwa tarehe 17 Machi. Usiku wa kuamkia siku hiyo vituo vikafungwa kwa amri ya afya kwa sababu ya korona. Sina ugomvi na hilo, watu walikuwa wanakufa. Bunge la jimbo likasogeza mambo hadi tarehe 28 Aprili, karibu yote kwa posta: utume maombi, usubiri karatasi, uijaze, uirudishe. Sanders alijitoa tarehe 8 Aprili. Karatasi zilizokuwa bado njiani zilikuwa za mashindano yaliyokwisha.

Halafu 2024. Kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti, Morse Road, mahali ambapo nusu ya maduka ya jirani yana majina ya Kiafrika, nilipewa karatasi yenye majina mawili ya wagombea urais: Joe Biden, aliyekuwa ameshafikisha wajumbe wa kutosha kuteuliwa wiki moja kabla, na Dean Phillips, mbunge aliyempinga, aliyekuwa ameshajitoa. Michigan walau walikuwa na kisanduku cha wasiomchagua mgombea yeyote, na zaidi ya watu 100,000 wakakitia alama kwa sababu ya Gaza. Ohio hatukuwa nacho. Florida hawakupiga kabisa, maana chama cha jimbo kilipeleka jina la Biden peke yake na mchujo ukafutwa. Tuliouliza kuhusu umri wake tuliambiwa tunamsaidia Trump. Tarehe 27 Juni ukaja ule mdahalo wa Atlanta, Biden akababaika mbele ya Trump, na tarehe 21 Julai Biden akajitoa. Kura zote zile zikawa wali uliopikwa wageni wakiwa wameshaondoka.

Kamala Harris, makamu wake, akapewa tiketi ya kugombea. Wengi wetu tulifurahi, nami niligonga milango kwa ajili yake hadi vidole vikafa ganzi. Lakini mama huyu hakuwahi kushindana katika mchujo wa urais hata jimbo moja: mara ya kwanza alijitoa Desemba 2019, kabla ya kura ya kwanza, na mara ya pili hapakuwa na mchujo. Hakupata nafasi ya kupigwa maswali na watu wake mwenyewe, akajua wapi anayumba, akajirekebisha. Mchujo ni kisirani, najua, na unakula fedha. Pamoja na hayo, ndio unaomkomaza mgombea. Obama wa Juni 2008, baada ya miezi mitano ya kupambana na Clinton jimbo kwa jimbo, hakuwa yule wa Januari.

Wengine makao makuu wanadhani tukisema "mchujo huru" tunamaanisha "mpeni mtu wetu wa mrengo wa kushoto". Njoo ukae nasi jioni moja. Mmoja wetu, muuguzi, anamtaka Alexandria Ocasio-Cortez na hataki kusikia jina jingine. Binamu yangu anampenda Pete Buttigieg kwa jinsi anavyojibu wanahabari wa Fox. Yupo anayesema Gavin Newsom ndiye anayejua kupigana na Trump, na akisema hivyo wanaokumbuka kodi za nyumba za California wanamzomea. Hatukubaliani hata kuhusu ushuru. Tunachokubaliana ni kwamba hakuna anayepaswa kutuamulia kabla hatujamaliza kubishana.

Najua utasema vijana hawajitokezi. Ni kweli, na haisaidii kulificha. Sanders mwenyewe alikiri Machi 2020 kwamba hakufanikiwa kuwaleta vijana kama alivyotarajia, na waliompa Biden ushindi South Carolina walikuwa zaidi wazee weusi waliofika kituoni bila kubembelezwa. Wazee wale wana haki ya kusikilizwa na asiyejitokeza hana wa kumlaumu. Ila tazama na upande wa pili. Usiku wa Jumanne Kuu mwaka huohuo, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura ya mchujo kwa pamoja, pale Texas Southern University mjini Houston, watu walisimama foleni hadi baada ya saa saba usiku. Wale si watu wavivu.

Tena tazama New York, Juni 2025. Mchujo ule wa umeya haukuwa na mshindi wa kupangwa, ingawa wakubwa walikuwa wameshamzunguka Andrew Cuomo, gavana wa zamani. Mpigakura aliweza kupanga majina hadi matano kwa mfuatano wa mapenzi yake. Zohran Mamdani akaanza hajulikani, akamaliza mshindi, vijana wakiwa mstari wa mbele. Wazee wetu hapa walimshangilia kwa kuwa kazaliwa Kampala. Sisi tulimshangilia kwa sababu ya kodi ya nyumba. Mwezi huu kaapishwa.

Utaratibu huo wa kupanga majina ndio ningependa kamati yako ya kanuni iutazame, hasa sasa inapochagua majimbo yatakayotangulia 2028. Kumbuka siku mbili kabla ya Jumanne Kuu ya 2020. Buttigieg alijitoa Jumapili jioni, Amy Klobuchar Jumatatu, na jioni hiyohiyo wote wawili wakamuunga mkono Biden mjini Dallas. Ni haki yao. Lakini watu wengi walikuwa wameshawapigia kura ya mapema, na kura hizo hazikuwa na pa kwenda. Ongeza kanuni ya chama kwamba asiyefikisha asilimia 15 hapati mjumbe, utaona ni sauti ngapi zinamwagika chini. Lau karatasi ingekuwa na chaguo la pili, kura ingehamia huko. Si jambo geni kwenu: Alaska, Hawaii, Kansas na Wyoming zilitumia njia hiyo katika mchujo wenu wa 2020. Na jimbo lolote linaloomba kutangulia liulizwe swali moja kabla ya yote: je, chama chenu kinaahidi kuweka kwenye karatasi kila mgombea aliyetimiza masharti, hata kama aliye Ikulu ni wa kwetu?

Nakuandikia wewe kwa sababu nimeona unaweza kubadili msimamo mbele za watu. Agosti 2025, mkutanoni Minneapolis, azimio la mjumbe kijana kutoka Florida la kutaka Israeli isipelekewe silaha liliangushwa na la kwako likapita. Ungeweza kufunga daftari ukaenda kula. Badala yake uliliondoa la kwako na kuitisha kikundi cha kuendeleza mazungumzo. Vijana waliokuwa wamekasirika asubuhi walikusikiliza mchana.

Ukija Ohio mwaka huu kwa kampeni za Novemba, tenga saa moja ya Columbus isiyo na kamera wala fomu ya michango. Ukumbi tutautafuta sisi, chai na sambusa juu yetu, na mkalimani hutamhitaji. Ukija na mtu wa kamati ya kanuni, itakuwa bora zaidi.

Wako katika chama,
Mpigakura wa Columbus