Gita linaguruma kabla hujaligusa? Tuanzie hapo

Karibu kila juma hapa studio yetu ya Kamalondo, Lubumbashi, mtu anawasha ampli (kikuza sauti cha gita), na kabla hajapiga uzi hata mmoja studio nzima inasikia mlio wa "mmmm". Halafu anatuambia: "Yaya, utautoa kwenye kompyuta." Tunakuomba usitegemee hilo. Sebene, ile sehemu ya rumba ambapo magita yanachezesha watu, inataka gita safi, noti zing'ae moja moja. Kompresa inayosawazisha sauti inaunyanyua na mlio pia, na programu ikiukata, inakata na mikia ya noti zako.

Mlio huo ni umeme wenyewe, hezi 50. Usikilize vizuri: uko karibu kabisa na noti ya sol ya chini. Mikro ya gita ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na waya huo unaupokea kama antena. Ndiyo maana mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni mikro ya koili mbili, yaani mizunguko miwili ya waya: mlio unaingia kinyume kwenye kila koili na kujifuta, sauti ya nyuzi inabaki.

Lakini usikimbilie kununua gita lingine. Funga volumu ya gita kabisa. Mlio ukibaki vilevile, gita halina kosa; tafuta kwenye kebo, ampli au prizi (soketi ya umeme). Ukiisha, fungua tena, kisha geuka polepole hapo uliposimama. Kuna upande ambapo unashuka sana, na sisi tunaweka kiti cha mpigaji kikielekea huko. Njia hii haigharimu kitu, nasi tunaipenda kuliko zote.

"Zzzz" nyembamba ni habari nyingine: mara nyingi ni chaja ya kompyuta. Ichomoe, urekodi kwa betri. Kompyuta na ampli zikichomekwa prizi mbali mbali, zirudishe kwenye chanzo kimoja.

Kuna wanaokata mguu wa ardhi wa plagi ili mlio uishe. Tafadhali, usithubutu. Nyuzi zako zimeungwa na chuma cha ampli. Umeme ukivuja, njia yake ni mikono yako. Plagi iliyokatwa hatuichomeki hapa, hata kama kikundi kizima kinasubiri.

Siku ya kurekodi, fika nusu saa mapema na kebo yako mwenyewe. Muda wa kutafuta mlio hatuulipishi.