Barua kwa Mwanangu: Walioalikwa Angola

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza vita vya Angola vilikuwa vya nani hasa, vya Waangola au vya Wamarekani na Warusi. Nikakujibu kwa haraka kuwa vilikuwa vya wakubwa. Tangu hapo jibu hilo linanikera, kwa hiyo naona nilirekebishe kwa kalamu.

Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya makoloni, waliipindua serikali yao. Mreno aliyeing'ang'ania Angola kwa karne nyingi sasa akataka kuondoka upesi. Amwachie nani? Vyama vya ukombozi vilikuwa vitatu: MPLA ya Agostinho Neto, FNLA ya Holden Roberto na UNITA ya Jonas Savimbi. Vilikuwa vimezoea kuelekezeana bunduki hata wakati adui wao alikuwa mmoja. Januari 1975 vikatia saini mkataba wa Alvor, huko huko Ureno: serikali ya pamoja, uchaguzi, kisha uhuru tarehe 11 Novemba.

Tarehe hiyo ndiyo iliyowatia wazimu. Kila mmoja alijua kwamba atakayekutwa Luanda, mji mkuu, siku hiyo ndiye atakayeitwa serikali. Habari za uchaguzi zikafa, ikabaki mbio ya kutafuta silaha, na silaha zilikuwa kwa wageni. Tunasema vita vya panzi furaha ya kunguru. Hapa panzi waliwafuata kunguru mlangoni.

Roberto alikuwa na Mobutu wa Zaire, ambaye walishaunganishwa na ndoa, na wakufunzi wa Kichina kwenye kambi zake. Januari ile ile Marekani ikamwidhinishia dola 300,000 kwa siri. Neto alikuwa na silaha za Kisovieti, kisha akaomba wakufunzi Cuba. Kufika Julai, Rais Ford alikuwa ameidhinisha mamilioni ya kuwasaidia Roberto na Savimbi. Kila upande uliapa kuwa unajibu tu hatua ya mwenzake, na ukifuata tarehe moja moja utaona kwamba kila mmoja alikuwa na chembe ya ukweli.

Savimbi ndiye ninayeshindwa kumsamehe. Mtu anayejiita mpigania uhuru wa Mwafrika alikwenda kuomba msaada kwa Makaburu! Oktoba jeshi la Afrika Kusini likavuka mpaka kutoka Namibia, iliyokuwa chini ya utawala wao, na kupanda kaskazini kwa kasi. Hapo Castro, kiongozi wa Cuba, akaamua kupeleka askari kamili, bila kungoja ridhaa ya Moscow. Operesheni hiyo aliiita Carlota, jina la mtumwa mwanamke aliyeongoza uasi Cuba mwaka 1843. Tarehe 10 Novemba, huko Quifangondo, karibu kabisa na Luanda, FNLA na askari wa Zaire walisambaratishwa kwa maroketi. Usiku ule, saa sita, Neto akatangaza uhuru.

Savimbi alidhani amepata nguvu, kumbe amempa Neto heshima. Nigeria, iliyokuwa ikitaka serikali ya umoja, iliitambua MPLA mara ilipojulikana kwamba Kaburu yumo. Hata hivyo, Januari 1976 wakuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walipokutana Addis Ababa kuamua kama waitambue MPLA, kura ziligawanyika 22 kwa 22. Sisi wenyewe Waafrika, nusu kwa nusu.

Na kuna jambo linalonichekesha kwa uchungu. Kampuni ya Kimarekani, Gulf Oil, iliendelea kuchimba mafuta Cabinda, jimbo la Angola, na kuilipa serikali ya MPLA, huku askari wa Cuba wakiilinda mitambo. Serikali ya Marekani nayo, katika miaka ya 1980, ikampa Savimbi makombora ya kumpiga yule yule aliyelipwa.

Desemba 1988 Angola, Cuba na Afrika Kusini zikatia saini New York mkataba wa Wacuba kuondoka Angola na Namibia kupata uhuru. Namibia ikapata uhuru Machi 1990, na Wacuba wa mwisho wakaondoka Mei 1991. Kwa jibu langu la kwanza, vita vingeishia hapo. Lakini Savimbi alipigana hadi alipouawa Februari 2002, wakati Umoja wa Kisovieti ulikuwa umekufa zaidi ya miaka kumi na Afrika Kusini ilikuwa na serikali ya Waafrika.

Kwa hiyo lile la kwenye simu lifute. Ukipiga Jumapili niulize habari za Cabinda, maana nayo ina kisa chake.

Baba yako